Kozi ya stadi za msingi za CBT kwa watumishi wa afya: tathmini ya mtu aliyeisoma hadi mwisho

Kozi ninayoitathmini hapa inahusu stadi za msingi za tiba ya fikra na tabia, ile ambayo wodini na kliniki tumezoea kuiita CBT, nayo imeandaliwa kwa ajili ya wauguzi, matabibu, wakunga, wafamasia, wataalamu wa mazoezi ya viungo na maofisa ustawi wa jamii, yaani watu wanaokutana na wagonjwa kila siku lakini si wanasaikolojia tiba. Inafundishwa kwa sehemu mbili, masomo ya kujisomea kwa njia ya intaneti na vipindi vya ana kwa ana vya mazoezi chini ya mkufunzi. Niliisoma yote, nikafanya mazoezi yake na tathmini yake ya mwisho, na msimamo wangu nauweka mapema: sehemu ya mazoezi ni bora kuliko mafunzo yoyote ya mawasiliano na wagonjwa niliyowahi kuhudhuria, sehemu ya nadharia inatosha, lakini baada ya kukabidhiwa cheti mwanafunzi anaachwa peke yake, na hilo ni pengo kubwa ambalo waandaaji hawana budi kuliziba.

Katika nadharia sitakaa sana, kwa kuwa kozi yenyewe haikukaa sana, na ilifanya vyema. Somo la kwanza linaeleza jinsi Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, alivyotambua katika miaka ya 1960 kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na fikra za haraka zilizojitokeza zenyewe, kuhusu nafsi zao, ulimwengu unaowazunguka na maisha yao ya baadaye, na kwamba fikra hizo zilikwenda sambamba na hisia walizokuwa nazo wakati uleule. Albert Ellis alikuwa ameshaanza kufuata njia inayokaribiana na hiyo katika miaka ya 1950, na kwa upande wa tabia Joseph Wolpe, daktari kutoka Afrika Kusini, alichapisha mwaka 1958 mbinu ya kumkutanisha mgonjwa na kile anachokiogopa kwa hatua ndogondogo. Historia hii haikugeuzwa orodha ya majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani; ilitumika kueleza kwa nini tiba hii inashughulikia fikra na tabia kwa pamoja, na kwa nini mtumishi anayeng'ang'ania fikra peke yake hufika mahali akakwama.

Chombo cha kwanza anachokabidhiwa mwanafunzi ni mchoro wa maeneo matano: tukio, fikra, hisia, mwili na tabia. Mfano uliotumiwa kuufundisha ulichaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Ni mwanamume aliyeruhusiwa kutoka hospitali baada ya shambulio la moyo, madaktari wakamwambia aanze kutembea taratibu. Anapopanda ngazi, moyo unadunda kwa kasi na jasho linamtoka. Fikra inayomjia ni kwamba moyo unataka kusimama tena. Hisia ni hofu. Mwili, kwa sababu ya hofu hiyohiyo, unaongeza mapigo. Naye anakaa chini, anashika kifundo cha mkono wake kuhesabu mapigo, na kuanzia siku hiyo anaacha ngazi. Wiki zinapopita bila mazoezi, misuli yake inadhoofika, hata mwendo mdogo unatosha kuyapandisha mapigo ya moyo, na kila mapigo yanapopanda anaiona ile fikra ya kwanza imethibitika. Mkufunzi aliuchora mzunguko huu ubaoni taratibu, akatuuliza ni wapi tungeweza kuukata, na majibu yalipotofautiana hakusema lipi ni sahihi, bali alimtaka kila mmoja aeleze angemuuliza mgonjwa swali gani kabla ya kugusa eneo hilo.

Kwa watumishi wa afya, mfano huu una jambo moja ambalo vitabu vingi vya ushauri nasaha hulipita haraka. Kozi ilisisitiza kwamba maumivu mapya ya kifua huchunguzwa kwanza kama maumivu ya kifua. Mchoro wa maeneo matano hauchukui nafasi ya kipimo cha moyo, na mtumishi hana ruhusa ya kumwambia mgonjwa kwamba tatizo lake ni fikra kabla ugonjwa wa mwili haujatafutwa na kushughulikiwa. Nililipenda sana somo hili kwa sababu wagonjwa wengi wamewahi kuumizwa na neno "ni mawazo tu", na mtu aliyeambiwa hivyo mara moja hukifunga kinywa chake mbele ya mtumishi anayefuata.

Moyo wa kozi, hata hivyo, ni mazoezi ya kuuliza maswali. Washiriki hukaa watatu watatu: mmoja anaigiza mgonjwa, mmoja anaigiza mtoa huduma, wa tatu anaangalia na kuandika, kisha wanabadilishana nafasi. Nieleze zoezi moja kwa karibu, maana bila hivyo sifa ninazotoa zitabaki maneno matupu. Mwenzetu wa makamo alikuwa mama mwenye kisukari, akaanza hivi: "Mwanangu, hizo dawa nimeziacha. Ninywe nisinywe, sukari iko palepale. Mwili wangu huu umeshakwisha." Aliyekuwa mtoa huduma akajibu kama ambavyo karibu kila mtu angejibu: "Hapana, mama, usiseme hivyo. Dawa zinafanya kazi. Ukiziacha, figo na macho vitaharibika." Yule mama akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, mwanangu, nitakunywa." Mkufunzi akasimamisha zoezi hapohapo na kutuuliza kama tunaifahamu hiyo "sawa". Tuliifahamu sote. Ni "sawa" ya kumaliza mazungumzo, na anayeitamka anaondoka na uamuzi aliokuja nao.

Zoezi likarudiwa. Safari hii mtoa huduma alianza kwa kuyarudia maneno ya mgonjwa: "Pole, mama. Unaniambia ninywe nisinywe, sukari haishuki, na unaona mwili umeshakwisha. Wazo hilo lilikujia lini?" Jibu lilikuja bila kusita: "Siku ile nilipopimwa nikaambiwa bado iko juu." "Na zile wiki kabla ya kupimwa, dawa ulikuwa unazitumiaje?" Mama akanyamaza kidogo. "Nikijisikia vizuri, nilikuwa nazipumzisha." "Kwa hiyo kuna siku ulizitumia na kuna siku ulizipumzisha. Ukiviweka pamoja hivyo viwili, kile kipimo na zile siku za kupumzisha, unaona nini, mama?" Akafikiri, akasema, "Labda si mwili uliokwisha. Labda sikuzinywa sawasawa." Kisha wakakubaliana jaribio: atazitumia dawa kila siku kama alivyoandikiwa hadi kipimo kijacho, ataweka alama kwenye karatasi kila anapomeza, na siku ya kipimo watayasoma matokeo pamoja. Mkufunzi akaongeza jambo ambalo lingeweza kusahauliwa: kama dawa zimemezwa ipasavyo na sukari bado iko juu, basi mama alikuwa na hoja, na wa kubadilisha mpango ni daktari.

Mpangilio wa maswali yale haukuwa wa kubahatisha. Kozi inafuata hatua nne zilizoelezwa na Christine Padesky, mwanasaikolojia wa Marekani: kuuliza ili kupata taarifa ambazo mgonjwa anazo tayari, kusikiliza kwa huruma, kufupisha yaliyosemwa, kisha kuuliza swali la kuunganisha linalomwachia mgonjwa kazi ya kuhitimisha. Katika hotuba yake ya mwaka 1993, Padesky alihoji iwapo lengo la maswali haya ni kubadili mawazo ya mtu au kumwongoza agundue mwenyewe, na tofauti hiyo ndiyo iliyotusumbua zaidi katika mazoezi, kwa sababu mtumishi wa afya amefunzwa miaka mingi kuwa na jibu. Wengi wetu tulikuwa tunauliza maswali yenye jibu ndani yake, "Huoni kwamba dawa zinasaidia?", na mwangalizi wa tatu alikuwa na kazi ya kuyanakili hayo neno kwa neno ili tuyasikie tulivyoyasema. Hakuna somo la intaneti linaloweza kufanya kazi hiyo, na kama mtu ataniuliza alipie sehemu moja tu ya kozi hii, nitamwambia alipie hii.

Somo la kuandika na kupima fikra, lile la jedwali lenye safu za tukio, hisia, fikra, ushahidi unaoiunga mkono, ushahidi unaoipinga na fikra iliyosawazishwa, lilifundishwa vizuri lakini kwa haraka. Aina za upotofu wa fikra, kama vile kuona mambo kuwa yote au hakuna, kukuza baya hadi liwe janga, au kudhani unajua wengine wanachokuwazia, zilipewa muda mrefu kuliko zilivyostahili. Mgonjwa hapati nafuu kwa kujua jina la upotofu wake, na mwanafunzi mwenye orodha hiyo mkononi hushawishika kumsahihisha mgonjwa badala ya kumsikiliza. Lililohitaji muda zaidi, na ambalo kozi ililigusa kwa nusu somo, ni fikra iliyo kweli. Hospitalini fikra nzito mara nyingi si potofu: mwenye saratani iliyosambaa anaposema maisha yake yamefupishwa, hajakosea. Hapo kutafuta ushahidi wa kupinga ni ukatili. Njia sahihi, na kozi ilisema hivyo japo kwa ufupi, ni kutenganisha kile kisichobadilika na kile kinachoweza kushughulikiwa, kisha kuingia katika utatuzi wa matatizo: maumivu ya usiku, mazungumzo na watoto, nani atakayemsindikiza kliniki. Natamani toleo lijalo lilipe jambo hili somo zima.

Upande wa tabia ndio utakaomfaa mtumishi asiye na muda. Mbinu ya kuamsha shughuli, yaani kumrejesha mtu mwenye sonona kwenye mambo yanayompa raha au hisia ya kuweza, ilijengwa juu ya kazi ya Peter Lewinsohn ya miaka ya 1970, na utafiti wa Neil Jacobson na wenzake uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba mbinu hiyo peke yake ilileta matokeo yaliyolingana na yale ya tiba kamili ya fikra kwa watu wenye sonona. Habari hiyo ina uzito kwa muuguzi au mkunga, kwa kuwa mbinu hii inafundishika kwa muda mfupi na haihitaji ustadi mkubwa wa kuchambua fikra. Mwanafunzi anajifunza kumsaidia mgonjwa kuandika alichokifanya kila saa, kukipa alama ya raha na alama ya kuweza kuanzia 0 hadi 10, kisha kuchagua pamoja naye hatua ndogo ya wiki inayofuata. Mkufunzi alikuwa mkali kuhusu udogo wa hatua hiyo. Mshiriki aliyependekeza mgonjwa "aanze kushiriki shughuli za kijamii" aliulizwa siku gani, saa ngapi, na nani, kwa dakika ngapi, na mgonjwa atafanya nini asubuhi hiyo akiamka hana hamu, mpaka pendekezo likabaki kuwa kukaa nje ya nyumba na dada yake kwa dakika kumi siku ya Jumanne kabla jua halijawa kali.

Mbinu hiyohiyo ilipelekwa kwenye maumivu sugu, na hapa nimejifunza jambo ambalo nalitumia hadi leo. Mgonjwa wa mgongo akipata siku nzuri hufanya kazi zote zilizolala, kesho yake anashindwa kuinuka, anapumzika siku kadhaa, kisha anarudia. Kozi inafundisha kupanga shughuli kwa muda badala ya kwa maumivu: mgonjwa anapima kwanza anachoweza kukifanya hata siku mbaya, anaanzia chini kidogo ya hapo, anaongeza kidogokidogo, na anasimama muda ukifika hata kama anajisikia vizuri. Kusimama akiwa mzima ndiko kugumu zaidi, na mkufunzi alitufanya tuigize mazungumzo hayo hadi tukapata maneno ambayo mgonjwa hatayasikia kama kukatazwa kazi.

Masomo ya wasiwasi yalikuwa na ubora usio sawa. Maelezo ya mshtuko wa hofu, yanayotokana na nadharia ya David Clark ya mwaka 1986 kwamba mtu huzitafsiri dalili za kawaida za mwili kuwa ni ishara za janga, yalikuwa wazi kabisa, na zoezi la kupumua kwa kasi kwa muda mfupi ili tuhisi wenyewe kizunguzungu na ganzi za vidole lilituthibitishia hoja hiyo kuliko picha yoyote ya kwenye skrini. Mkufunzi aliwaomba kwanza wenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo na ujauzito wakae pembeni, akatueleza kwamba tahadhari hiyohiyo inawahusu wagonjwa. Tulitengeneza pia ngazi za hofu, kila hatua ikipewa alama kuanzia 0 hadi 100. Dosari ilikuja mwishoni, pale tulipopewa zoezi la kupumua taratibu kama dawa ya kila wasiwasi. Kozi yenyewe ilikuwa imeshatufundisha kuhusu tabia za kujikinga, yale mambo ambayo mgonjwa huyafanya ili janga lisitokee na ambayo humzuia kugundua kwamba lisingetokea, kama yule mwanamume anayehesabu mapigo ya moyo kila akipanda ngazi. Kupumua taratibu kunaweza kugeuka kuwa tabia ya namna hiyo: mgonjwa anaamini amepona kwa sababu alipumua, siyo kwa sababu hakukuwa na hatari. Niliuliza, na jibu nililopata lilikuwa zuri, lakini halimo katika maandishi ya kozi, na anayesoma kwa intaneti peke yake hatalisikia.

Kuhusu vipimo, kozi inatumia madodoso mawili yanayojulikana: PHQ-9 kwa sonona, lenye maswali 9 na alama kuanzia 0 hadi 27, na GAD-7 kwa wasiwasi, lenye maswali 7 na alama kuanzia 0 hadi 21. Tulifundishwa kwamba alama 10 na kuendelea katika PHQ-9 huashiria sonona ya wastani au zaidi na inataka tathmini ya kina, kwamba dodoso peke yake si utambuzi wa ugonjwa, na kwamba faida yake kubwa ni kulirudia kila kikao ili mgonjwa na mtoa huduma waone kama kazi yao inaleta nafuu. Katika ugonjwa wa mwili kuna tahadhari ya ziada ambayo ilielezwa vyema: uchovu, kukosa usingizi na kupungua kwa hamu ya kula vinaweza kutokana na ugonjwa wenyewe au na dawa, kwa hiyo alama zinapaswa kusomwa swali kwa swali.

Hapo ndipo nina lawama yangu ya kwanza iliyo nzito. Swali la 9 la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kutamani kufa au kujidhuru, na mtumishi anayeligawa dodoso hilo lazima awe tayari kwa jibu la ndiyo. Kozi ilisema kwa usahihi kwamba kumuuliza mtu moja kwa moja kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo, ikaeleza maswali ya kufuatilia kuhusu mpango, njia, na kinachomzuia, lakini haikutupa zoezi hata moja la kuigiza mazungumzo hayo. Tuliigiza dawa za kisukari, mgongo na ngazi. Mazungumzo magumu kuliko yote tuliachiwa kuyasoma kwenye ukurasa. Washiriki kadhaa walilalamika katika fomu za maoni, nami nikiwa mmoja wao, na natumaini limesikika.

Muundo wa kikao ulifundishwa kwa mpangilio wa kawaida wa CBT: kukubaliana ajenda, kupitia kazi ya nyumbani, kushughulikia jambo moja au mawili, kupanga kazi mpya, na kuomba mrejesho. Tatizo ni kwamba video zote za mfano zinaonyesha vikao vya karibu saa nzima, ilhali wengi wa walengwa wa kozi hii wana dakika 10 au 15 kwa mgonjwa, wengine wakiwa wamesimama kando ya kitanda. Mkufunzi wetu alijitahidi kwa akili yake mwenyewe kutuonyesha kikao kifupi: swali moja la ajenda, eneo moja la mchoro, hatua moja ya nyumbani, na muhtasari kutoka kwa mgonjwa. Kilifanya kazi. Kinapaswa kuwa ndani ya kozi badala ya kutegemea bahati ya mkufunzi utakayempata.

Tathmini ya mwisho ni kikao kilichorekodiwa kwa ridhaa ya maandishi, kikasahihishwa kwa kutumia CTS-R, kipimo cha ustadi wa mtoa huduma katika CBT chenye vipengele 12 ambavyo kila kimoja hupewa alama kuanzia 0 hadi 6, jumla 72. Katika mafunzo mengi ya Uingereza alama 36 huchukuliwa kuwa kiwango cha kufaulu, na kozi hii imeazima kiwango hicho. Kwa kozi ya msingi kiwango hicho ni cha juu, lakini sioni vibaya, kwa sababu kila alama ilikuja na dakika ya kwenye rekodi na sentensi niliyoitamka. Kusoma kwamba katika dakika fulani mgonjwa alitaja kifo cha mumewe nami nikaendelea na ajenda ni mrejesho ambao mtihani wa kuchagua herufi hauwezi kuutoa.

Sasa nije kwenye lile pengo. Cheti kinapotolewa, mawasiliano na wakufunzi yanakoma. Hakuna kundi la kujadili wagonjwa, hakuna saa ya mwezi ya kuzungumza na msimamizi, hakuna mtu wa kumpigia simu mwanafunzi anapokwama na mgonjwa wake wa kwanza wa kweli. Kwa tiba nyingine hilo lingeweza kuitwa upungufu mdogo. Kwa CBT linagusa msingi wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu wahudumu wa watu wenye uraibu wa dawa za kulevya ulilinganisha waliopewa mwongozo tu, waliopewa mwongozo pamoja na mafunzo ya intaneti, na waliopata semina ikifuatwa na usimamizi wa kazi zao, na kundi la mwisho ndilo lililoongoza katika kuitumia CBT kwa vitendo. Mpango wa kitaifa ulioanza nchini Uingereza mwaka 2008 wa kusambaza tiba hizi umefanya usimamizi wa mara kwa mara kuwa sehemu ya kazi ya kila mtoa huduma. Na mfano unaowahusu zaidi watumishi wa afya wasio wataalamu wa saikolojia unatoka Pakistani, ambako wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa mbinu za CBT za kuwasaidia akina mama wenye sonona: matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba miezi 6 baada ya kujifungua ni asilimia 23 ya akina mama waliohudumiwa hivyo waliokuwa bado na sonona, ikilinganishwa na asilimia 53 ya wale waliotembelewa bila mbinu hizo. Wahudumu wale hawakuachwa baada ya mafunzo. Walikuwa na usimamizi wa kila mwezi. Matokeo hayo hunukuliwa katika somo la kwanza la kozi hii kama sababu ya kuwafundisha wauguzi na wahudumu wa jamii, kwa hiyo si haki kuyanukuu na kuliacha sharti lililoambatana nayo.

Nani basi ajiandikishe? Muuguzi wa kliniki ya magonjwa sugu, mkunga anayewafuatilia akina mama baada ya kujifungua, mtaalamu wa viungo anayehangaika na wagonjwa wa maumivu, mfamasia anayeulizwa kila siku kuhusu kuacha dawa: hawa watapata cha kutumia kuanzia wiki ya kwanza. Anayetafuta njia ya kuwa mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia atafute mafunzo marefu zaidi, kwa kuwa kozi ya msingi haimpi mtu uwezo wa kutibu kiwewe kizito, magonjwa ya akili yenye kupoteza uhusiano na uhalisia, au ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka, na kozi yenyewe inasema waziwazi kwamba hao wapewe rufaa. Sehemu ya intaneti ikiuzwa peke yake siipendekezi. Anayeichukua pamoja na vipindi vya mazoezi aulize kwanza mambo matatu kwa maandishi: kundi la mazoezi lina watu wangapi kwa kila mkufunzi, mazungumzo kuhusu kujiua yataigizwa au yatasomwa tu, na ni nani atakayesimamia kazi yake katika miezi inayofuata. Jibu la swali la tatu likiwa ni hakuna, aanze kutafuta kituoni kwake mtu mwenye uzoefu, au wenzake wawili waliosoma kozi hii wakutane naye kila mwezi na rekodi zao, kabla hajalipa ada.